Kuazima nyatiti kwa ajili ya mchezo: kwa wanaoanza kazi ya vifaa vya jukwaani

Ukishika kazi ya vifaa hapa Kisumu, si muda mwelekezi atakutuma ukatafute nyatiti, kile kinubi cha Waluo chenye bakuli lililowambwa ngozi, au orutu, fidla ya uzi mmoja. Kabla hujampigia mtu simu, muulize kwanza: italia au itaonekana tu? Kama itatundikwa ukutani kupamba nyumba ya mzee, usiende kuazima chombo ambacho mtu anakipiga kila wikendi. Omba kilichostaafu, chenye ngozi iliyopasuka na nyuzi zilizokatika. Mafundi na wapigaji wengi huwa nacho mahali. Mtazamaji wa safu ya tano haoni ufa.

Ikiwa lazima ilie, jua unaazima riziki. Matanga na harusi huwa wikendi, na maonyesho yetu pia ni wikendi, kwa hiyo kila Jumamosi utakayokaa na nyatiti ni Jumamosi ambayo mwenyewe hakuenda kazini. Nauli na asante hazitoshi. Elewaneni malipo ya kila siku na utume sehemu yake kwa M-Pesa kabla hujaibeba. Kwa maoni yangu, njia bora kuliko zote ni kumwajiri mwenyewe apige nyuma ya pazia, mwigizaji ashike ile mbovu mbele ya watu. Muziki utakuwa wa kweli, na nyatiti nzima haitatoka mikononi mwa mwenyewe.

Nenda wewe, usimtume mtu wa boda. Keti, salimia, kisha eleza, ukimwita jaduong', yaani mzee kwa Kiluo: "Jaduong', tuna mchezo, na kuna mahali kijana anampigia babake nyatiti." Simulia tukio lote, na kama kuna ugomvi karibu na chombo, useme. Atakuuliza nani ataishika. Jibu bila kuzunguka. Kwa desturi ya Waluo nyatiti ilikuwa ya wanaume. Leo wako wanawake wanaoipiga vizuri sana, lakini mwenye chombo ana msimamo wake. Kama mhusika wako ni mwanamke, na asikie kutoka kwako siku hiyo, asije akaona kwenye picha za Facebook.

Kabla ya kuondoka, ipige picha kila upande, mkiwa wote wawili mnaangalia. Hesabu nyuzi: ni nane, siku hizi za nailoni. Andikeni kasoro zilizopo, siku ya kurudisha, na nani atatengeneza kikiharibika. Hapo jibu liwe moja tu: mwenyewe au fundi wake, kwa gharama yenu. Seremala wa mtaani na gundi yake wasiiguse. Uliza pia kuhusu kigoda, njuga za mguuni na pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, maana mpigaji huketi chini na kuigongesha pete hiyo kwenye chombo. Bila vitu hivyo mwigizaji ataikumbatia kifuani kama gitaa, na watazamaji wa Kisumu watacheka kabla hajafungua kinywa. Mwombe mwenyewe amfundishe kuketi na kushika, hata kwa nusu saa.

Ibebe kwa bakuli lake, kamwe usiishike ule mti wa juu, kwa sababu nyuzi zimefungwa hapo na ukiuvuta sauti zote zinahama. Kwenye matatu lipia kiti chake. Ngozi hukaza kwa joto na kulegea kwa unyevu, ndiyo maana wapiga ngoma huzianika juani au kuzipasha moto kabla ya kucheza. Kwa hiyo usiiache chini ya taa za jukwaa mazoezi yakiisha, wala ndani ya buti ya gari saa saba mchana. Ifunge kwa leso, ukaifungie chumbani. Niliwahi kumkuta mwigizaji ameweka kikombe cha chai juu ya ngozi. Waambie wenzako mapema kwamba hiyo si meza.

Mkihitaji isukuti kutoka Kakamega, azimeni ngoma zote tatu au msiazime kabisa. Kubwa, ya kati na ndogo hujibizana, na ukichukua moja umewafungia kazi wale waliobaki na mbili. Densi ya isukuti iliingia mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngozi ya ngoma zake kwa kawaida ni ya kenge, mnyamapori, na ikitoboka huwezi kukimbia sokoni kununua nyingine.

Siku ya kurudisha, usiiache mlangoni. Subiri aikaze nyuzi na kuipiga mbele yako, mlinganishe na zile picha, kisha umalizie malipo hapo hapo.