Maswali na Majibu: Hesabu Joto, Usihesabu Siku

Kijitabu changu kinasema mdudu-kibibi, yule mbawakawa mdogo wa madoa anayewinda wadudu wa mimea, hukamilika kwa wiki tatu. Wangu wana wiki tano na bado ni lava, watoto wasio na mabawa. Wanaumwa?

Hawaumwi, wana baridi. Na kama wengi wanaoniandikia, hukutaja nyuzi joto! Mdudu hukua kwa kufuata joto la mahali alipo. Chukua Harmonia axyridis, aina mojawapo ya mdudu-kibibi: chini ya nyuzi 11 hivi za Selsiasi hakui kabisa. Juu ya hapo, kila nyuzi moja kwa siku nzima inaingia kwenye akiba yake, naye anahitaji akiba ya 267 hivi tangu yai hadi apate mabawa. Penye nyuzi 25 anaweka 14 kwa siku, basi siku 19 zinamtosha. Penye nyuzi 18 anaweka 7 tu: siku 38. Mdudu yuleyule, chakula kilekile, muda maradufu. Mwanasayansi Mfaransa Réaumur alijumlisha joto namna hii mwaka 1735, na hadi leo vijitabu vinatuhesabia wiki. Usiku wa nyuzi 8 hauongezi akiba wala hauipunguzi, ndiyo maana wastani wa siku hudanganya. Kipimajoto nacho kiwekwe kivulini, katikati ya majani wanamoishi, si ukutani juani.

Basi nikipandisha joto hadi 36 watawahi zaidi?

Utawaua. Kasi hupanda hadi karibu na nyuzi 30, kisha huporomoka, na kwenye joto unalotaka mayai mengi hayaanguliwi. Hata wanaonusurika hutoka wadogo, na jike mdogo hutaga mayai machache. Tena joto huleta njaa. Lava wakikosa vidukari, wale wadudu wadogo wafyonza utomvu wa mimea, hulana wao kwa wao.

Je, joto ndilo huamua dume au jike?

Hapana. Hayo ni ya kasa na mamba.

Kuna baridi, vidukari wamejaa, wadudu-kibibi wawindaji siwaoni. Nipige dawa?

Usipige. Swali hili hunisikitisha kila msimu, kwa sababu wengi huuliza wakiwa wameshapiga. Vidukari wengi huanza kukua penye nyuzi 5 hivi, na majike huzaa bila dume. Penye nyuzi 9 wao wanaongezeka huku mwindaji wao amekwama. Amechelewa tu, hajashindwa: joto likipanda, lava mmoja hula vidukari mamia kabla ya kuwa pupa, hatua ya kutulia kabla ya mabawa. Dawa inayoua kila kitu inawaondoa wote wawili, kisha, hata joto likifika nyuzi 18, kidukari anarudi na kizazi kipya kwa siku kumi hivi, ilhali mwindaji anahitaji zaidi ya mwezi. Kwa sasa wapunguze kwa kuyapiga majani maji yenye nguvu, hasa upande wa chini.

Na utitiri wawindaji, ni mdudu wa aina gani?

Nimeshajibu mara nyingi: utitiri si mdudu, ana miguu minane. Kanuni ya joto ni ileile, ila Phytoseiulus persimilis, mmojawapo wa utitiri wawindaji, anadai unyevu pia. Hewa ikikauka chini ya asilimia 60, mayai yake hunyauka. Wengi hulaumu joto peke yake.

Harmonia wangu wa safari hii wana mabaka meusi makubwa. Wamechanganyika na aina nyingine?

Si lazima. Pupa wa Harmonia akikaa kwenye baridi hutoka na weusi zaidi, na weusi huo humsaidia kupata joto la jua upesi. Usiwatupe. Fungua daftari lako uone kipimajoto kilisoma ngapi wiki waliyokuwa pupa.