Fanksheni ndefu: pima kwanza, kisha kata penye jina

Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa ankara ambao moyo wake ulikuwa fanksheni moja (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) ya mistari 430. Ilipokea oda, ikamkagua mteja, ikakokotoa bei, ikatoa punguzo, ikaandika kwenye hifadhidata, ikatuma barua pepe, na njia nzima ilikuwa ikibadilisha vigeu vilevile vilivyotangazwa juu kabisa. Kila aliyeombwa kuongeza jambo dogo alitafuta mahali panapofanana na jambo lake, akachomeka `if` yake hapo, akaondoka. Nilipoipitisha kwenye Radon, chombo kinachopima uchangamano wa msimbo wa Python, ilirudi na herufi F, mbaya kuliko zote, na namba 67. Kwa Radon, herufi A ni kuanzia 1 hadi 5, na F inaanzia 41.

Nikaamua kuishusha ile namba. Nilijiwekea kanuni kwamba hakuna fanksheni itakayozidi 10, nikakata kwa siku mbili. Ile moja ikawa kumi na nne, zenye majina kama `andaa_oda`, `andaa_oda_sehemu_ya_pili` na `maliza_hesabu`. Kila moja ilipokea parameta (data inazopewa ikiitwa) nane au tisa na kurudisha vigeu vitano ili inayofuata ivipokee. Radon sasa ilionyesha A na B tupu, nami nikaridhika.

Wiki iliyofuata mwenzangu alipewa kazi ya kutafuta kwa nini baadhi ya ankara zinatoka na punguzo mara mbili. Zamani angesoma kutoka juu hadi chini, kwa tabu, lakini angefika. Sasa alikuwa akiruka kutoka fanksheni moja hadi nyingine huku akijaribu kukumbuka kigeu cha nne katika orodha ya parameta kinaitwaje huku na kinaitwaje kule. Aliniita tukasoma pamoja, na mimi niliyeikata nilipotea. Jioni ile niliirudisha fanksheni ya mistari 430 kama nilivyoikuta. Nilichojifunza tangu hapo ndicho ninachotaka kukupa: namba inakuonyesha mahali pa kutazama, lakini mahali pa kukata unapajua kwa maana ya msimbo wenyewe.

Tuanze na namba, maana wengi wanaitumia bila kujua inahesabu nini. Thomas McCabe, mtaalamu wa programu, aliitoa mwaka 1976. Aliichukulia programu kama mchoro wa vituo na njia zinazoviunganisha, akahesabu njia zinazojitegemea: idadi ya njia, toa idadi ya vituo, jumlisha 2. Huna haja ya kuchora chochote. Hesabu mahali msimbo unapoamua, yaani kila `if`, kila kitanzi, kila tawi la `case`, kisha ongeza 1. Vyombo vingi huhesabu pia kila `and` na `or` iliyo ndani ya sharti. Fanksheni isiyo na uamuzi wowote ina 1.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye majaribio, yaani programu ndogo zinazoendesha msimbo na kukagua majibu yake. Fanksheni yenye 8 haihitaji zaidi ya majaribio 8 yaliyochaguliwa vizuri ili kila tawi lipitiwe. Ukikuta fanksheni yenye 30 na majaribio matatu, yaelekea kuna matawi mengi ambayo hakuna aliyewahi kuyapita isipokuwa watumiaji. Ila usidhani 30 ni idadi ya njia zote zinazowezekana. Panga `if` kumi mfululizo, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa huru: kipimo cha McCabe kitasema 11, lakini michanganyiko ni 2 kwa kipeo cha 10, yaani 1,024. Hitilafu ya punguzo mara mbili ilikuwa imejificha kwenye mchanganyiko wa namna hiyo. `if` mbili zilizoachana kwa mistari 200, kila moja sahihi peke yake, hazikupaswa kupitwa zote na oda moja.

Kuhusu kikomo, McCabe mwenyewe alipendekeza 10, akasema wazi kwamba ni kikomo cha busara na hakina uchawi wowote. Aliruhusu hata kivukwe pale ambapo fanksheni ni uchaguzi mmoja mkubwa wenye matawi mengi yasiyotegemeana. Vyombo vya leo havikubaliani: Checkstyle ya Java inaanza na 10, Lizard inaonya baada ya 15, kanuni ya ESLint ya JavaScript inaanza na 20. Kwa hiyo mkibishana kwenye timu kuhusu 10 au 12, chagueni moja muendelee.

Kasoro ya kipimo hiki ninayoiona kubwa zaidi ni kwamba hakijali kina. Tazama:

```
def punguzo(mteja, ankara):
    if mteja is not None:
        if not mteja.amefungiwa:
            if ankara.jumla > 0:
                if mteja.wa_kudumu:
                    return ankara.jumla * 0.1
                else:
                    return ankara.jumla * 0.05
    return 0
```

Na hii:

```
def punguzo(mteja, ankara):
    if mteja is None:
        return 0
    if mteja.amefungiwa:
        return 0
    if ankara.jumla <= 0:
        return 0

    if mteja.wa_kudumu:
        return ankara.jumla * 0.1
    return ankara.jumla * 0.05
```

Zinafanya kazi ileile. Kwa McCabe zote zina 5. Lakini yeyote aliyewahi kusoma msimbo saa nane usiku anajua ipi ni nyepesi. Katika ya kwanza, ukifika kwenye `else` unabeba masharti manne kichwani. Katika ya pili unayatua moja baada ya jingine, na ukivuka ule mstari mtupu una hakika mteja yupo, hajafungiwa, na ankara ina kitu.

Tofauti hiyo inapimwa na kipimo kingine kilichotolewa na kampuni ya SonarSource, uchangamano wa kiutambuzi. Chenyewe hukuongezea alama kwa kila uamuzi uliofukiwa ndani ya mwingine: `if` ya nje ni 1, iliyo ndani yake 2, iliyo ndani zaidi 3, na `else` ni 1 tu popote ilipo. Hesabu fanksheni ya kwanza: 1, 2, 3, 4, na 1 ya `else`, jumla 11. Ya pili ina 4. Mimi sasa natazama namba zote mbili. Ya McCabe naiuliza nahitaji majaribio mangapi, na hii ya pili naiuliza msomaji atachoka kiasi gani.

Ukishapima mradi mzima utapata orodha ndefu ya kutisha. Usianze juu ukashuka. Fanksheni yenye 50 ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka minne na haijaleta malalamiko haina haraka. Kuivunja ni kujitafutia hitilafu mpya mahali palipotulia. Yenye 18 inayobadilishwa kila wiki ndiyo inayokula muda wa timu. Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inajua faili gani hubadilishwa mara nyingi:

```
git log --format= --name-only | sort | uniq -c | sort -rn | head -20
```

Linganisha orodha hiyo na ile ya uchangamano. Faili zinazotokea kwenye zote mbili huwa chache, na kwa kawaida wazoefu wa mradi wataitikia kwa kichwa ukiwatajia. Kufuatilia historia ya fanksheni moja, `git log -L :jina_la_fanksheni:faili` inakuonyesha kila badiliko lililowahi kuipitia, na sababu kama walioandika maelezo walikuwa waungwana.

Sasa majaribio. Hapa naomba usinipite haraka, kwa sababu ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Fanksheni ndefu na ya zamani kwa kawaida haina majaribio ya maana, na huwezi kuandika majaribio ya inavyopaswa kufanya, kwani hakuna anayekumbuka inavyopaswa kufanya. Andika ya inavyofanya. Nilichukua oda mia tatu za kweli, nikaondoa taarifa za wateja, nikaziendesha kwenye fanksheni ya zamani na kuhifadhi kila jibu kwenye faili. Jibu likiwa la ajabu nalo nikalihifadhi lilivyo. Kisha kila nilipokata kipande niliendesha oda zote tena na kulinganisha. Zikitofautiana hata kwa senti, nilirudi nyuma hatua moja.

Oda zile zilinionyesha pia matawi yasiyopitwa kabisa. Chombo cha kupima mistari iliyopitwa na majaribio kilibaini vipande vinne ambavyo hakuna oda iliyovifikia. Viwili nilivitungia oda za kuvifikia. Viwili vilikuwa vimekufa: masharti yake hayangeweza kutimia tangu badiliko fulani la zamani. Kuvifuta kulishusha namba kuliko saa nzima ya kukata, na ningetamani ningeanza na hilo.

Tukija kwenye kukata kwenyewe, kanuni yangu ni moja: kama siwezi kukipa kipande jina linaloeleza kinafanya nini bila kutumia neno "na", wala "sehemu ya pili", bado sijapata mahali pa kukata. Jina likigoma, mpaka uko mahali pengine. Alama nzuri ya kuanzia ni maoni yaliyoandikwa ndani ya fanksheni. Mtu akiandika juu ya mistari kumi na tano "hapa tunakagua kama mteja anastahili punguzo", ameshakupa jina, kazi iliyobaki ni kulihamishia kwenye fanksheni. Tumia amri ya kihariri ya kutoa fanksheni badala ya kunakili na kubandika kwa mkono. Mkono husahau kigeu kimoja, kihariri hakisahau.

Kisha hesabu parameta. Kipande chenye jina zuri lakini kinachodai parameta nane kinakuambia kwamba data haijapangwa. Kwangu mimi, vitano kati ya vile vigeu vilikuwa kitu kimoja: bei ya msingi, kodi, punguzo, gharama ya kusafirisha na jumla. Nilivifungia kwenye klasi ndogo ya hesabu ya ankara, na parameta zikapungua hadi mbili, tatu. Baadhi ya mahesabu yakahamia kwenye klasi hiyo bila kulazimishwa. Kama ningelifanya hili mwanzo, zile fanksheni kumi na nne zisingezaliwa.

Parameta ya kweli au uongo inayobadilisha tabia ya fanksheni siipendi, na sioni haya kuikataa ninapokagua msimbo wa wenzangu. `tengeneza_ankara(oda, True)` haimwambii msomaji chochote, na ndani yake karibu kila mara kuna fanksheni mbili zilizofungwa kamba. Zifungue.

Mkato ulionisaidia kuliko yote, hata hivyo, haukufuata matawi. Ulikuwa kutenganisha kukokotoa na kutenda. Fanksheni ya zamani ilikokotoa kidogo, ikaandika kwenye hifadhidata, ikakokotoa tena, ikatuma barua pepe. Niliyasogeza mahesabu yote juu, yawe fanksheni zinazopokea data na kurudisha data bila kugusa kitu cha nje, na kuandika kwenye hifadhidata na kutuma barua pepe kote chini. Kuanzia hapo majaribio ya mahesabu yalikimbia kwa sekunde chache bila hifadhidata. Ndipo pia zile `if` mbili za punguzo zilipokaa jirani, mistari miwili kutoka moja hadi nyingine, na hitilafu ikaonekana kwa macho. Sikuisahihisha hapohapo. Nilimaliza kupanga, nikahifadhi mabadiliko, kisha nikasahihisha kwa badiliko lake peke yake. Ukichanganya kupanga upya na kubadilisha tabia, jaribio likianguka hutajua limeangushwa na lipi, na anayekagua kazi yako hataweza kukusaidia.

Urefu wenyewe nimeutaja kidogo kwa makusudi. RuboCop, chombo cha Ruby, inataka methodi (fanksheni iliyo ndani ya klasi) isizidi mistari 10, Checkstyle inavumilia hadi 150. Nina fanksheni ya mistari 90 inayojaza sehemu za fomu moja baada ya nyingine, ina uamuzi mmoja tu, na haijawahi kumsumbua mtu. Nina nyingine ya mistari 22 niliyoivunja mara mbili.

Kazi yote ilinichukua kama wiki tatu, vipande vidogo vidogo katikati ya kazi nyingine, hakuna badiliko lililozidi saa mbili. Fanksheni kuu leo ina mistari 31 na namba 6, na ukiisoma kwa sauti inaeleza maisha ya ankara tangu oda hadi barua pepe. Imebaki moja tu yenye alama mbaya: inayochagua umbo la hati kulingana na aina ya mteja, ina 23 kwa kipimo cha McCabe. Ni orodha ya matawi mafupi yasiyojuana, kila moja mstari mmoja. Kila anayejiunga na timu huniuliza kwa nini sijaivunja, nami humwomba aifungue aisome kwanza.