Maswali ya Wasomaji: Feloshipu kwa Wanaoshughulikia Majeraha ya Historia

SWALI: Mhariri, kikundi chetu hukusanya ushuhuda wa familia zilizopotelewa na watu kati ya 2006 na 2008. Nataka kuomba feloshipu ya AHDA (Muungano wa Mazungumzo ya Kihistoria na Uwajibikaji) ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Niandike nini ili nisikike?
*Msomaji, Cheptais, Mlima Elgon*

JIBU: Ndugu msomaji, feloshipu hiyo imekusudiwa watendaji kama wewe, na moyo wake ni mradi utakaoutekeleza nyumbani. Wengi huangukia hapo. Huandika kurasa za uchungu, kisha mradi wenyewe wanaupa mstari mmoja: “kuleta maridhiano Mlima Elgon.” Hakuna awezaye kupima hilo.

Punguza. Chukua, kwa mfano, wake wa waliotoweka ambao hawana cheti cha kifo, hivyo hawawezi kurithi shamba. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amefariki asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake. Mradi wa kuandika ushuhuda wa familia 20 na kuzifikisha kwa wakili una mwanzo, mwisho na wa kunufaika. Onyesha pia unavyohusiana na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013, ambayo mapendekezo yake mengi bado yamelala.

Jambo zito zaidi: wapo waliochukuliwa na wapiganaji wa SLDF, kundi la wanamgambo la Mlima Elgon, na wapo waliochukuliwa na wanajeshi wa serikali katika Operesheni Okoa Maisha ya kulizima kundi hilo, iliyoanza Machi 2008. Ukiwaacha wa upande mmoja, jopo litakuuliza, na kijiji kitakuuliza kwa ukali zaidi ukirudi.

Barua ya mapendekezo itoke kwa aliyeiona kazi yako mashinani. Ya mheshimiwa asiyekufahamu haikusaidii. Tena uliza mapema kama ufadhili unagharimia tiketi, kodi ya nyumba na bima ya afya; karo peke yake haitakulisha New York.

SWALI: Nina rekodi za wazee kuhusu mauaji ya hapa Kisumu, 25 Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa hospitali. Naweza kwenda nazo ng’ambo?
*Msomaji, Kondele*

JIBU: Mzee aliyekubali kurekodiwa hajakubali kusikilizwa darasani ugenini. Rudi kwake, umweleze nani atasikia, wapi, na kama jina litatajwa. Idhini hiyo iandikwe au irekodiwe kwa Dholuo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Rekodi asili ziache Kisumu, ubebe nakala zilizofungwa kwa nywila, majina yakiwa kwenye faili tofauti.

SWALI: Nimekubaliwa Marekani. Viza naanzia wapi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Kama ni viza ya J-1, ya programu za mabadilishano, subiri kutoka chuoni fomu DS-2019, inayothibitisha kuwa umekubaliwa kwenye programu. Kisha lipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa mabadilishano), jaza DS-160, yaani fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, na uweke miadi ya mahojiano ubalozini Gigiri. Hakikisha majina kwenye DS-2019 yanalingana na ya pasipoti. Yakitofautiana, chuo kirekebishe fomu kabla ya siku ya mahojiano.