Kwa mnaoanza kusoma riwaya za kila aina

Mwezi uliopita, msimu wa korosho umeshachanganya hapa Mtwara na kila baraza inazungumzia bei ya mnada, mimi jioni zangu nilizimalizia kwenye hadithi za kubuni: upelelezi, mapenzi, tamthiliya, riwaya ya kihistoria, na kitabu kimoja ambacho hadi leo sijui nikiweke kundi gani. Wageni wa kikundi chetu cha kusoma wamekuwa wakiniuliza waanzie wapi. Wadogo zangu, pa kuanzia si tatizo kubwa. Tatizo ni mwendo.

Wengi wanaoishia njiani si wavivu hata kidogo. Mtu katoka kwenye riwaya za Elvis Musiba, mpelelezi wake Willy Gamba kamkimbiza usiku kucha, kesho yake anashika Nagona ya Euphrase Kezilahabi kwa kasi ile ile. Kurasa kumi, kakwama. Anajiona hana kichwa cha vitabu. Nagona (1990) ni kitabu chembamba, lakini kisa chake hakiendi kwa mstari. Mambo yanatokea kama ndotoni. Soma kurasa chache, funga, kaoge, rudi. Usipoelewa ukurasa, songa mbele tu. Hicho ndicho kile kitabu kisicho na kundi, na nilikifurahia zaidi nilipoacha kukidai majibu.

Upelelezi ni kinyume chake: uliwe ukiwa wa moto. Mohamed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, alimwaga dalili ndogo ndogo ambazo ukikiacha kitabu wiki nzima zinakupotea zote. Andika majina ya wahusika kwenye kikaratasi, hata nyuma ya tiketi. Mimi upelelezi nauwekea safari ya Dar. Basi linatoka alfajiri, ukifika Nangurukuru umeshaanza kumshuku mtu, ukifika Kibiti unajua umeshuku vibaya. (Kama ukisoma kwenye gari unatapika, basi soma nyumbani, usije ukanilaumu.)

Tamthiliya ndiyo inayoonewa kuliko zote, kwa sababu watu wanaisoma kimya. Chukueni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyotoka 1969 na inayohusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Mwanzoni kabisa kuna wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanazungumzia njaa, maana wanaume wako kwenye mashamba ya pamba ya Wajerumani. Ukisoma kwa macho tu, unaona ni maneno ya kupisha muda kabla ya vita. Tulipogawana sehemu na kusoma kwa sauti, mama mmoja wa makamo alipewa Bi Kitunda. Hakuigiza chochote. Alisema yale maneno vile vile anavyolalamikia bei ya unga, na vijana waliokuwa wanachezea simu wakaziweka chini. Kumbe vita imeshaanza pale, jikoni.

Na hapa kusini kuna mtego wake. Wengine mna ndugu upande wa Nandete, Kilwa, ambako mwaka 1905 watu waling'oa pamba na Maji Maji ikaanza. Kwa hiyo mnasoma mkiwa na kalamu ya kusahihisha: hili halikuwa hivi, babu alisimulia vile. Hussein mwenyewe alishaeleza kwamba Kinjeketile wake, yule mganga wa maji ya dawa, ni kiumbe cha kubuni. Ugomvi wenu na historia uwekeni pembeni kwanza, mtazameni mtu aliyetoa neno kisha neno likamzidi nguvu. Mkimaliza, nendeni kwa babu mkabishane.

Riwaya ya kihistoria nayo isomwe polepole, ila kwa sababu nyingine: vitu vyake ni vingi. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, aliyoiandika kwa Kiingereza mwaka 1994 na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili 2022, inamfuata Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, kisha misafara ya kwenda bara. Mtu wa Mikindani au Kilwa ana faida hapo, maana habari za misafara amezikuta nyumbani. Zitumie.

Mapenzi sitayasemea sana. Anayedai ni hadithi za kupotezea muda asome Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999), aanze na Yasmin aliyeozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri mno, afike kwa Denge anayepambana na wakoloni Zanzibar, halafu aje kunionyesha mapenzi yaliishia ukurasa gani na siasa ikaanzia upi.

Kuacha kitabu katikati ni ruhusa, sharti utuambie kimekushinda wapi. "Hakinogi" hatuipokei.

Kuhusu kuvipata: anzeni na maktaba ya mkoa, halafu muulizane wenyewe kwa wenyewe. Mwenye ndugu Dar amwombe atume kwa basi. Vya mitumba ni rahisi, lakini kagua kurasa za mwisho kabla hujatoa hela. Riwaya ya mapenzi iliyochanika mwishoni unaweza kuimalizia mwenyewe kichwani. Ya upelelezi, hata muuzaji akushushie bei namna gani, mwachie.