Hapana, leza ya wimbi moja haitoshi

Hapana ndugu, uliandika kwamba leza moja yenye nguvu ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inatambua kila gesi kwa mbali na kupenya ukungu. Leza moja haitambui kila gesi, hata iwe na nguvu kiasi gani. Leza ya kawaida hutoa wimbi la urefu mmoja, na kila gesi ina mawimbi yake inayofyonza: methani karibu na mikromita 3.3 (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita), kaboni dayoksaidi karibu na 4.3. Wimbi moja likikamata hii, nyingine zinakupita hivihivi. Ndiyo maana hutumika leza ya wigo mpana. Mapigo mafupi mno ya mwanga husukumwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo, yakatoka upande wa pili yamekuwa mawimbi mengi ya urefu tofauti kwa pamoja, ila bado yamo kwenye mwale mmoja unaofika mbali. Na uzi wenyewe si kioo chochote. Silika, kioo cha kawaida cha nyuzi hizi, huzuia mwanga kabla ya kufika mikromita 3, kwa hiyo huwekwa kioo cha floraidi.

Nafundisha fizikia hapa Tanga, na hapo kwenye ukungu sikubaliani na uliyoandika. Asubuhi ya ukungu ukisimama Raskazone, hapa pwani ya Tanga, huoni hata kisiwa cha Toten, infraredi hii nayo haitakusaidia sana, kwa sababu matone mengi ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi yake. Moshi mwepesi ndio inaupenya vizuri. Unyevu wetu wa pwani nao hula mwanga wa karibu na mikromita 2.7, basi kwa umbali mrefu chagua mawimbi ya kati ya mikromita 3.5 na 4.1.