Usiifute Seva Kabla Hujasoma Inachokuambia

Juzi kijana mmoja anayejifunza Java aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimefuta Tomcat nikaiweka upya. Nimefuta Eclipse nikaiweka upya. Sasa nafikiria kufuta hata Windows. Kivinjari bado kinanipa 404. Labda kazi hii si ya kwangu." (Tomcat ni seva inayoendesha programu za wavuti za Java, Eclipse ni programu ya kuandikia Java, na 404 ni jibu la kwamba ukurasa haukupatikana.) Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa nilikuwa katikati ya kazi, lakini ile sentensi yake ya mwisho imenikaa rohoni. Nimeona watu wenye vipaji wakiiacha fani hii kwa sababu ya zana, wakati programu zenyewe walikuwa wanaziweza. Kwa hiyo jibu refu ni hili, na ni kwa yeyote anayetaka kula kwa jasho la kazi hii.

Nianze na shida yake, maana ni ya wengi. Ukiiunganisha Tomcat na Eclipse, Eclipse haiendeshi ile folda ya webapps, panapowekwa programu, iliyo kwenye Tomcat uliyoisakinisha. Inatengeneza nakala yake ya mipangilio ndani ya eneo lako la kazi, kwenye folda iliyofichika ya .metadata, chini ya org.eclipse.wst.server.core, na humo utakuta tmp0 yenye wtpwebapps. Programu yako inawekwa huko. Ndiyo maana ukifungua localhost:8080, anwani ya seva iliyo kwenye mashine yako, unapata 404: ule ukurasa wa kukaribisha wa Tomcat haumo kwenye nakala hiyo. Seva ni nzima kabisa. Ongeza jina la programu yako mwishoni mwa anwani, uone. Vilevile, ukihariri server.xml, faili la mipangilio ya seva, kwenye folda uliyosakinisha, Eclipse haina habari nayo. Inasoma ile iliyo kwenye mradi uitwao Servers. Sasa fikiria: kijana amefuta Tomcat na Eclipse, lakini eneo la kazi limebaki vilevile na nakala yake ile ile. Angeweza kusakinisha mpaka kesho.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kufuta na kusakinisha upya kunampa mtu hisia kwamba anafanya kazi. Mikono inatembea, mstari wa upakuaji unajaa, moyo unatulia kidogo. Lakini hujajua chochote ambacho hukukijua mwanzo, na pengine umefuta ushahidi wenyewe, kwa sababu logi, yaani faili ambamo seva huandika yanayotokea, zilikuwa ndani ya folda uliyoitupa.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyoendesha mfumo wa ndani wa kampuni. Asubuhi moja mfumo ukawa haupatikani. Seva imewaka, logi haina kosa hata moja, ila kila ukurasa unaoufungua ni 404. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kupakia programu, macho yote yakanigeukia. Kiongozi wa timu akasema mbele ya wote, "Huyu bado hajaiva, msimpe tena kazi za seva." Nililimeza lile neno. Nikarudi kwenye meza yangu, nikafungua logi ya catalina, ile kuu ya Tomcat, tangu mstari wa kwanza kabisa, ile sehemu ambayo watu huiruka kwa sababu haina kosa lolote. Tomcat ikiwaka huwa inajitambulisha: toleo la seva, mfumo wa uendeshaji, toleo la Java, njia ya folda zake. Mstari ulisomeka Server version name, na mbele yake Apache Tomcat/10. Wiki iliyotangulia ilikuwa 9.

Kama hujawahi kukutana na jambo hili, lishike. Oracle, wamiliki wa Java, waliikabidhi Java EE (sehemu ya Java ya kutengenezea mifumo ya seva) kwa shirika la Eclipse Foundation kuanzia mwaka 2017, lakini pande hizo mbili hazikuafikiana juu ya kuendelea kulitumia jina la javax, ambalo majina ya vifurushi vyake vya msimbo yalianza nalo. Matokeo yake, Jakarta EE 9 iliyotoka mwaka 2020 ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta, na Tomcat 10 ikafuata. Servleti yako, yaani darasa la Java linalojibu maombi ya kivinjari, yenye alama ya @WebServlet ya javax.servlet, ukiiweka kwenye Tomcat 10, seva haioni kuwa hiyo ni servleti. Haikatai wala hailalamiki, inaipita tu kama darasa jingine lolote, na wewe unabaki na 404 isiyo na maelezo. Nilirudisha Tomcat 9, mfumo ukasimama muda uleule. Aliyebadilisha toleo usiku bila kumwambia mtu ni yule yule aliyesema sijaiva. Hakuomba radhi siku ile na hajaomba mpaka leo. (Kama nawe umekwama hapo na huwezi kurudi nyuma, Tomcat 10 ina njia ya kukusaidia: tengeneza folda ya webapps-javaee, weka humo faili lako la war (programu nzima iliyofungwa pamoja) la zamani, nayo italigeuza na kuliweka kwenye webapps.)

Tangu siku ile nasoma logi kuanzia juu. Na kosa likiwepo, nalisoma kuanzia chini. Java ikikasirika hutapika mistari kibao, na wengi husoma ule wa kwanza kisha wakakimbilia kuutafuta mtandaoni. Mstari wa kwanza mara nyingi unakueleza nani kaanguka tu. Shuka hadi "Caused by" ya mwisho kabisa. Hapo ndipo kilipo chanzo. Juu utaambiwa programu imeshindwa kuanza, chini utaambiwa nywila ya hifadhidata imekataliwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na la pili unalimaliza kabla chai haijapoa.

Kuna kosa jingine la Tomcat ambalo limewaliza wengi: "One or more listeners failed to start. Full details will be found in the appropriate container log file." Yaani kuna kitu kimeshindwa kuanza, na maelezo kamili yako kwenye faili la logi husika. Mtu anaangalia catalina.out, anaona mstari huo, anashuka, hakuna kingine. Anaamini seva inamficha. Haimfichi. Maelezo yapo kwenye faili jingine, lile linaloanza na localhost na kufuatiwa na tarehe, ndani ya folda ileile ya logs. Lifungue na utakuta kosa zima limeandikwa mstari kwa mstari. Ujumbe wenyewe ulikuwa unakuelekeza, ila umeandikwa kwa lugha ya seva.

Sasa niwaambie lililonifurahisha wiki hii, na nalisema kwa kujivunia kwa sababu nimelitolea jasho. Niliitwa kusaidia timu moja ambayo mfumo wao ulikuwa unaganda kila mchana. Asubuhi mambo shwari, ikifika saa za watu wengi kurasa zinazunguka tu, kisha makosa. Dawa yao ilikuwa kuzima na kuwasha. Walikuwa wamefanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja alikuwa amepewa kazi hiyo rasmi. Walikuwa pia wameongeza kumbukumbu ya Java, wakahamia mashine kubwa zaidi, na walikuwa wanajadili kuhama Tomcat waende WildFly, seva nyingine ya Java.

Niliomba jambo moja: siku nyingine ikiganda, msiizime mpaka nifike. Ilipoganda, nikatafuta namba ya mchakato, nikachapa jstack na namba hiyo, nikahifadhi matokeo kwenye faili. Nikasubiri kidogo, nikarudia, ili niweze kulinganisha. Amri hiyo inakuonyesha kila thredi, yaani kila mkondo wa kazi ndani ya programu, iko wapi kwa sekunde ile. Thredi za Tomcat zinazopokea maombi huitwa http-nio-8080-exec na namba mwishoni, na kwa kawaida hazizidi 200. Nikazisoma moja baada ya nyingine. Karibu zote zilikuwa TIMED_WAITING, yaani zinasubiri kwa muda uliowekwa, na zote zimesimama mlango mmoja: HikariPool.getConnection. Zilikuwa zimepanga foleni kusubiri muunganisho wa hifadhidata. Kwenye logi nako kulikuwa na ujumbe waliouzoea mpaka wakaacha kuuona: "Connection is not available, request timed out after 30000ms."

HikariCP, maktaba inayogawa miunganisho ya hifadhidata, ikiachwa na mipangilio yake ya awali huweka miunganisho 10, na anayeomba husubiri sekunde 30 kabla ya kukataliwa. Wao walikuwa wameipandisha hadi 50. Ugonjwa ukawa ule ule, ulichelewa kidogo tu kuonekana. Hifadhidata yenyewe ilikuwa imetulia, haina mzigo. Maana yake kuna mtu anachukua miunganisho na harudishi. Nikaweka leakDetectionThreshold, ambayo inaiambia HikariCP ipige kelele muunganisho ukikaa nje kupita muda uliopangwa. Haikuchukua muda, logi ikaandika "Apparent connection leak detected" na chini yake jina la faili na namba ya mstari.

Tukalifungua faili lile pamoja, watu wamesimama nyuma ya kiti changu. Ilikuwa ripoti. Muunganisho unafunguliwa juu, unafungwa chini, vizuri kabisa. Katikati kuna sharti: kama hakuna data ya siku hiyo, rudi. Neno return, na close() iko mistari kadhaa chini yake haifikiwi. Kila mtu aliyefungua ripoti tupu aliondoka na muunganisho mmoja. Asubuhi wachache, mchana wengi. Tuliibadilisha iwe try inayofunga rasilimali zake yenyewe, kitu ambacho kipo kwenye Java tangu toleo la 7 la mwaka 2011, na mfumo haujaganda tena. Mmoja wao akaniuliza, "Umejuaje?" Nikamwambia sikujua, niliuliza seva ikanijibu. Nilipotoka pale nilitembea kifua mbele, na nadhani kila aliyewahi kuambiwa hajaiva atanielewa.

Mengine nayapitia haraka, kwa kuwa ujumbe wake unajieleza ukiusoma. Address already in use: kuna mchakato mwingine umeshika porti (namba ya mlango ambao seva husikiliza), mara nyingi ni Java yako ya zamani iliyokataa kufa. Itafute kwa lsof -i :8080, au netstat -ano kwa wa Windows, uizime. UnsupportedClassVersionError: programu imetengenezwa kwa Java mpya kuliko inayoiendesha. Namba utakayoiona ndiyo siri yake: 52 ni Java 8, 55 ni 11, 61 ni 17, 65 ni 21. NoSuchMethodError: mara nyingi una matoleo mawili ya maktaba moja, na lililotangulia siyo ulilolitegemea. Endesha mvn dependency:tree, amri ya Maven inayoorodhesha maktaba za mradi, uone nani kalileta. Seva kwenye Linux inachukua dakika nzima kuwaka na logi inataja SecureRandom: inasubiri mashine ikusanye namba nasibu. Shida hiyo ni ya matoleo ya zamani na mashine ndogo za mtandaoni, na -Djava.security.egd=file:/dev/./urandom huimaliza. Hiyo nukta katikati iache ilivyo, imewekwa makusudi.

Ndugu zangu, nasema haya kwa uchungu. Acheni kuabudu kuwasha upya. Kuwasha upya ni huduma ya kwanza. Mtumiaji anasubiri, washa, sawa. Lakini kabla ya kuwasha, chukua jstack, nakili logi, andika saa. Sekunde chache tu. Usipofanya hivyo umechagua kukutana na tatizo lilelile tena, nalo huwa linachagua saa mbaya zaidi.

Na ninyi mlio wakubwa kwenye timu, mnaobadilisha matoleo usiku na kuwatwisha vijana mzigo asubuhi: andikeni mlichobadilisha. Mstari mmoja kwenye daftari la timu unatosha. Kijana aliyefedheheshwa mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake hajifunzi seva. Anajifunza kunyamaza, na timu ya watu walionyamaza haigundui chochote.

Kwa unayekwama leo, mficha uchi hazai, omba msaada. Ila ukiomba, usiandike "haifanyi kazi, nisaidieni". Sema toleo la Java na la seva kama zilivyojiandika kwenye logi, si kama unavyokumbuka. Bandika "Caused by" ya mwisho yote, siyo picha ya skrini iliyokatwa nusu. Eleza kilichobadilika kati ya mara ya mwisho ilipofanya kazi na sasa, hata kama unaona hakihusiani: maktaba uliyoongeza, nywila iliyobadilishwa, kompyuta mpya. Na kama umeshafuta na kusakinisha upya, litaje hilo pia, ili anayekusaidia asitafute logi ambazo hazipo tena.