Kodi ya zuio kwenye gawio na riba: ipi inadaiwa?

SWALI: Habari mhasibu. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nina hisa zangu binafsi za benki moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Gawio la shilingi 500,000 nikapokea 475,000. Kampuni yangu nayo ina amana ya muda maalumu, riba ya 4,000,000 ikakatwa 400,000. Mwaka jana mvua iliharibu mzigo, tukapata hasara. Naweza kudai kodi hizo za zuio, zilizokatwa kabla sijalipwa, kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA)?

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole kwa mzigo. Ile 25,000 ya gawio isahau. Gawio la kampuni iliyo sokoni hukatwa 5%, na kisheria hiyo ni kodi ya mwisho: huongezewi, hurudishiwi, hata mwaka uwe mbaya vipi. Ungekatwa 10%, kiwango cha kampuni zisizo sokoni, ningekwambia umbane aliyelipa gawio.

Riba ni habari nyingine. Ingekuwa akiba yako binafsi nje ya biashara, nayo ingeishia hapohapo. Lakini mwenye amana ni kampuni, na kwa kampuni ile 10% ni kodi iliyotangulia kulipwa. Kwenye ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), riba iandikwe 4,000,000 kamili, siyo 3,600,000 iliyoingia benki (wahasibu wengi huteleza hapa), kisha 400,000 idaiwe kama kodi iliyokwishalipwa. Tuseme dagaa wamekutia hasara ya 6,000,000. Ukijumlisha riba, bado una hasara ya 2,000,000. Kodi ya mwaka ni sifuri, kwa hiyo 400,000 yote ni ziada.

Bila hati ya kodi ya zuio kutoka benki, hayo yote ni maneno matupu. Iombe, uangalie TIN (namba ya mlipakodi): iwe ya kampuni. Akaunti nyingi za kampuni ndogo zilifunguliwa kwa TIN ya mkurugenzi, na hapo mfumo wa TRA hauoni kodi yoyote ya kampuni. Irekebishwe benki kwanza. Kwa mwaka unaoishia Desemba, ritani mwisho wake ni 30 Juni.

Ukiomba fedha taslimu, jiandae kukaguliwa vitabu, hadi risiti za mafuta ya gari. Kwa kiasi hiki, mimi ningeomba kifidie kodi ijayo. Ila kama mwaka huo mlilipa pia awamu za kodi ya makadirio mkitarajia faida, zijumlishe kwanza. Huenda ziada ikawa kubwa kiasi cha kustahili usumbufu huo.